Onyo la Mstari wa 214

Dorkasi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ungo mapajani, akichambua mchele wa Jumapili, simu yake ilipolia. Mikono ilikuwa imejaa vumbi la pumba, kwa hiyo mama yake, Bibiana, aliipokea na kumshikia sikioni.

"Uko na watu?" aliuliza Mathew, mwajiri wake.

"Niko na mama. Sema tu."

"Kule Mwachala kuna mwanamke hajarudi tangu jana. Walishuka kwenye mwani, maji yakajaa. Wanamtafuta mpaka sasa. Kisanduku chetu kilisema wamerudi wote."

Dorkasi aliendelea kuchambua. Aliokota na kutupa, akaokota na kutupa, na ilimchukua muda kugundua kwamba alikuwa akitupa mchele na kuacha chuya.

"Anaitwa nani?"

"Asmahani Sabiri. Ana watoto watatu. Kesho njoo mapema. Na kwa sasa usizungumze na mtu."

Bibiana aliiweka simu chini. "Kuna nini? Umekuwa mweupe kama huo mchele."

"Kazi tu, mama."

Kisanduku kile alikitengeneza yeye. Wanawake wa Mwachala, kijiji cha pwani upande wa Mkinga, hulima mwani mbali na nchi kavu. Maji yakitoka hutembea nusu saa kufika kwenye vigingi na kamba zao, na maji yakigeuka ni lazima watoke upesi, maana hujaa kutoka nyuma na kumzunguka mtu kabla hajajua. Zamani walikuwa na desturi ya kuitana. Mkubwa wao, Bi Zuwena Kombo, alisimama juu ya jiwe na kumwita kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, na hakuna aliyepanda kwenda nyumbani mpaka wa mwisho aitike. Kisha ukaja mradi, ukaleta pesa za kisanduku. Kila mwanamke akapewa bangili ya plastiki yenye jina lake ndani. Akishuka anaigusisha, kisanduku kinalia tii. Akirudi anaigusisha, tii. Majina yote yakishatimia, taa ya kijani inawaka. Wanawake walicheka sana siku kilipofungwa pale ufukweni. "Bi Zuwena, pumzisha koo," walimwambia. "Hiki kina koo la chuma." Naye akapumzisha.

Mwezi wa tatu, Dorkasi alipokuwa akimalizia sehemu ya ndani kabisa ya programu, ile inayokaa kwenye kiini cha mfumo na kuongea na vyuma vyenyewe, kompaila ilimpa onyo. Kompaila ndiyo inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Ikikuta kosa, hukataa. Ikikuta jambo la kutia shaka tu, huonya na kuendelea. Onyo lilisema: *Mstari wa 214. Unalinganisha mahali majina yalipowekwa, si majina yenyewe. Ulinganisho huu utakuwa kweli siku zote.*

Alilielewa mara moja. Ilikuwa kama muuguzi anayetumwa kuhakikisha kuwa mgonjwa fulani yupo, naye badala ya kufunua shuka atazame uso, anasoma namba ya kitanda na kusema yupo. Alichotakiwa kufanya ni kulinganisha majina herufi kwa herufi, na kabla ya hapo kubadili namna yanavyohifadhiwa, kazi ya nusu siku. Lakini siku ile Blessing, mwanawe wa pekee, alikuwa na homa, na kisanduku kilitakiwa kikabidhiwe Ijumaa. Isitoshe, juu ya meza yake, bangili kumi zikishuka na kumi zikipanda, kila moja mara moja, jibu lilikuwa sawa kila mara. Aliandika neno la kuzima maonyo. Kioo kikawa safi. Akambeba mtoto kwenda hospitali.

Jumatatu asubuhi alizifungua kumbukumbu za kisanduku ofisini, mtaa wa Raskazone, mlango ukiwa umefungwa. Wanawake thelathini na mmoja walishuka Jumamosi. Binti mmoja, Queen, alirudi, akagusisha bangili, kisha, labda akakumbuka gunia lake, akashuka hatua chache, akapanda na kugusisha tena. Kisanduku kilikuwa kinamngoja Asmahani peke yake. Kililinganisha mahali na mahali, kikaona ni pale pale, kikamhesabu Asmahani kuwa amerudi, kikawasha kijani.

"Umeona nini?" aliuliza Mathew.

"Kuna kitu kidogo. Nitakirekebisha."

"Kidogo kinachohusu hili?"

"Sina hakika."

Mathew alimtazama, kisha akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu sita. "Kule kijijini wanasema Bi Zuwena aliwaruhusu wenzake mapema. Sisi hatujaulizwa. Rekebisha, Dorkasi, ila usiandike mengi."

Katika kazi yao kila badiliko huandikiwa maelezo: nini kilikuwa kibaya, na kwa nini, ili anayekuja nyuma ajue. Dorkasi alirekebisha mstari wa 214 kwa saa nne, kwa uangalifu, kama alivyopaswa kufanya mwezi wa tatu. Kwenye maelezo aliandika maneno mawili: *Marekebisho madogo.*

Akaiendesha kompaila. Ikasema: *Mstari wa 214. Ulinganisho huu utakuwa kweli siku zote.*

Mstari wa 214 sasa ulikuwa mtupu, maana ulinganisho mpya aliuandika chini zaidi. Hapakuwa na herufi hata moja. Aliiendesha tena, na mara ya tatu, na mara ya tatu alisikia harufu ya mwani uliooza kwenye gunia, ndani ya chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa. Akazima mashine, akachukua kisanduku cha majaribio akamalizie kazi nyumbani, akakitundika kwenye msumari kando ya mlango wa sebuleni.

Jumanne jioni Blessing aling'oka jino la mbele, la juu. Alilirusha juu ya bati kama watoto wanavyofanya, akaja ndani akionyesha pengo, na bibi yake akamwambia sasa amekuwa kizee mwenzake. Walikuwa wakicheka hivyo, mwadhini wa msikiti wa jirani akianza adhana ya magharibi, kisanduku kikalia tii.

Dorkasi aligeuka. Bangili zote za majaribio zilikuwa ofisini. Kwenye kioo kidogo cha kisanduku paliandikwa: *AMERUDI.* Hapakuwa na jina.

"Kimeharibika?" aliuliza Bibiana.

"Eeh. Kimeharibika."

Akachomoa betri. Aliposogea mlangoni, soksi yake ililowa. Kwenye sementi kulikuwa na unyayo mmoja wa maji, unaoelekea ndani.

Jumatano aliporudi kazini, mama yake alimngoja jikoni mikono kiunoni.

"Mwanao ameanza uongo. Leo karudi saa nne asubuhi, kichwa kinamuuma. Nikampa uji, akanywa sufuria nzima. Nageuka kuosha kikombe, hayupo. Saa nane anakuja tena na njaa, ananiapia kwamba hajatoka shule. Kautoa wapi uongo huu?"

"Kwa baba yake," alisema Dorkasi, lakini hakucheka. "Mama, saa nne ulimwona usoni?"

"Nimtazame usoni kwani simjui? Kaingia mlango wake, kakaa kiti chake, kashika kikombe chake. Nani mwingine?"

Kiti cha Blessing kilikuwa kimelowa. Dorkasi alikipangusa kwa kitambaa, na kitambaa kikatoka na mchanga. Alijua wakati ule ule kwamba jambo hili lilikuwa lake. Angeweza kumpigia Mathew simu, angeweza kuandika barua kwa kamati ya Mwachala, angeweza angalau kumwambia mama yake. Badala yake alikwenda kuanua nguo, akazikunja, akapika, akaosha vyombo, na kila alipomaliza kazi moja alitafuta nyingine.

Alhamisi alifika nyumbani saa kumi na moja. Blessing alikuwa mezani, ameinama juu ya daftari, penseli inakwaruza. Bibiana alikuwa anakaanga dagaa jikoni. Kabla Dorkasi hajavua viatu, hodi ikabishwa.

"Karibu," aliita, na alipofungua geti la bati alimkuta mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili, miguu imechanwa na mawe ya pwani, mikono imekakamaa kwa kamba na chumvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye Dorkasi wa kisanduku? Miye ni Zuwena Kombo."

Aliketi sebuleni ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kukichafua. Alikataa chai. Alizungumza polepole, sauti chini.

"Mumewe Asmahani hanitazami. Kina mama wameniambia nisishuke nao tena. Wanasema nilikuwa na haraka ya kwenda kupika. Miaka ishirini na miwili nimeita watu pale juu ya jiwe, sijampoteza hata mmoja, na siku niliyonyamaza nimempoteza mtu." Akakunja ncha ya kanga kidoleni. "Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza neno moja tu, nikalale. Kisanduku kilisema kweli?"

Penseli ilikuwa inakwaruza mezani. Dorkasi alimtazama mwanamke yule machoni, akaona kwamba jibu lolote atakalompa atalibeba mpaka kaburini, na akasema, "Kilisema kweli, bibi. Tumekikagua."

Bi Zuwena alitikisa kichwa taratibu. "Basi ni miye," alisema.

Penseli ikasimama. Mtoto pale mezani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikingoja.

Bi Zuwena alinusa. Aligeuza shingo kuelekea mezani, na hakuligeuza jicho lake tena. "Yule nani?" alinong'ona.

"Mwanangu. Blessing, hujamwamkia bibi?"

"Umemtazama yeye," alisema Bi Zuwena, midomo haichezi, "au umetazama kiti anachokaa?"

Dorkasi aliinuka. Sare ilikuwa ya Blessing, na nywele zilisukwa mistari minne kama alivyozisuka asubuhi, na shingo ilikuwa nyembamba vile vile, na alipofika karibu aliona kwamba daftari lote, ukurasa baada ya ukurasa, limeandikwa neno moja, *nimerudi nimerudi nimerudi*, kwa mwandiko wa mtu mzima anayebonyeza mno, na maji yanadondoka kutoka kwenye kiwiko yakipita juu ya meza bila kuilowesha karatasi, na kile kitu kikainua uso na kumtabasamulia, tabasamu la mwanawe hasa, na meno yote yalikuwamo, ya juu na ya chini, hakuna pengo.

"Mama," Dorkasi aliita kuelekea jikoni, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine, "Blessing karudi saa ngapi?"

"Saa nane, kama kawaida! Nikafunga geti."

Saa nane. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na katika saa zote hizo hakuna aliyetoka kumtafuta mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kurudi. Aliruka kuelekea mlangoni, lakini Bi Zuwena alimshika mkono kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta magunia yaliyolowa.

"Usikimbie. Huyu akiwa amehesabiwa hapa, wako hana pa kurudia. Utampita njiani usimwone. Naijua harufu hii. Kwetu pwani wapo majini, mashetani wa baharini, wanaokaa kungoja nafasi. Mtu akisemwa karudi naye hajarudi, nafasi yake inabaki wazi, na kila mtu anajua imejaa. Hapo ndipo wanapoingia, na wakishaingia moja wanajua njia ya kuingia nyingine. Weye umeufunga mlango gani, mwanangu, mtu akiwa nje?"

Dorkasi alikiona kile kitu kikishika penseli tena. Aliona ofisi, na Mathew anatazama dirishani, na watu sita wasio na mshahara, na jina lake likitajwa Mwachala kwa miaka mingi ijayo, na aliona pia, jambo ambalo hakujisamehe baadaye, kwamba hata pale, mwanawe akiwa hajulikani alipo, alitumia muda wa pumzi moja kupima.

"Nilidanganya," alisema. "Nimekudanganya sasa hivi. Kisanduku hakikusema kweli. Mwezi wa tatu nilionywa kuwa kitasema wote wamerudi hata kama hawajarudi. Nililiona onyo, nikalielewa, nikalizima, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Si weye, bibi. Ni mimi."

Kile kitu kiliweka penseli chini. Harufu ilijaa chumba kizima, ya matope ya mikoko na ya kitu kilichokaa majini siku nyingi, na Bibiana alitokea mlangoni mwa jikoni na kijiko mkononi, akatazama mezani, na mara hii akatazama uso, na kijiko kikamwanguka.

"Kiambie," alinong'ona Bi Zuwena. "Kiambie nani hajarudi. Kwa jina lake na la babake."

"Asmahani binti Sabiri hajarudi," alisema Dorkasi. "Blessing binti Rafaeli hajarudi. Weye si yeyote kati yao. Hukuhesabiwa. Toka."

Hakikupiga kelele. Kilimtazama kwa masikitiko, kama mtu anayefukuzwa na aliyemwalika, na uso wa Blessing ulianza kutitia kwa ndani kama mchanga unaoachwa na maji, jicho likashuka hadi shavuni, tabasamu likabaki peke yake na meno yake yote, kisha sare ikalala kitini, na haikuwa sare, ilikuwa rundo la mwani mweusi uliokwisha kuoza, na maji yake yakatiririka sakafuni, yakapita chini ya mlango, yakatoka.

Ndipo waliposikia geti. Lilikuwa linapigwa kwa nguvu, na ilionekana lilikuwa likipigwa hivyo kwa muda mrefu sana.

Blessing alikuwa amesimama nje na begi mgongoni. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Alipomwona mama yake hakumkimbilia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi ni Blessing," alisema, kama anayejitetea polisi.

Dorkasi alipiga magoti. Alimfungua mdomo kwa kidole gumba, akaliona pengo. Akamshika uso wote kwa mikono miwili na kuutazama, paji, nyusi, kovu la tetekuwanga puani, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama tangu siku aliyomzaa.

"Nilibisha tangu mchana," alisema mtoto. "Bibi alichungulia. Akaniambia, nenda kwenu, wetu yupo."

Bibiana alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Nilimwona mtoto wa watu," alisema. "Mungu anisamehe, nilimwona mtoto wa watu."

"Ulikaa na nani saa zote hizo?" aliuliza Dorkasi.

"Na mama mmoja. Alikuwa amelowa. Alikaa hapa chini kwenye ukuta, akanishika mkono nisiende barabarani. Kasema na yeye kwao wamefunga."

Bi Zuwena alitazama ukutani. Palikuwa pamelowa chini, na hapakuwa na mtu. Aliinama, akaweka kiganja chake pale kwenye unyevu, akakiacha hapo. "Asmahani," alisema. "Asmahani Sabiri, mwanangu. Nimesikia." Hakuna aliyeitika. Bodaboda ilipita, mtaa ukatulia.

Waliingia ndani. Bibiana alideki sakafu, akatoa kiti uani na kukitia kiberiti. Dorkasi alifungua kompyuta yake pale pale mezani, Blessing akiwa mapajani ingawa alikuwa mzito sasa kwa kupakatwa. Alifuta *Marekebisho madogo*. Akaandika: *Mstari wa 214 ulilinganisha mahali badala ya majina. Kompaila ilionya mwezi wa tatu. Mimi, Dorkasi, nililiona onyo nikalizima. Kwa sababu hiyo kisanduku cha Mwachala kilisema wote wamerudi, na Asmahani Sabiri alikuwa hajarudi. Bi Zuwena Kombo hakukosea.* Akaiendesha kompaila. Haikusema kitu. Akayatuma maandishi yale yale kwa Mathew na kwa mwenyekiti wa kamati ya Mwachala.

Simu ililia baada ya dakika mbili.

"Umetumaliza," alisema Mathew.

"Najua."

"Ungenishirikisha kwanza."

"Ungeniambia nisiandike mengi."

Mathew akasema, kwa sauti ndogo, "Kesho unakwenda huko?"

"Nakwenda na Bi Zuwena, basi la kwanza. Nitamkabili mumewe mwenyewe."

"Watakupiga, Dorkasi."

"Labda." Akaikata simu, maana wali ulikuwa umeanza kuungua.

Aliupakua mwenyewe. Aliweka sinia katikati, dagaa pembeni, na bakuli la maji ya kunawa. Bibiana alikaa upande wa mlango. Bi Zuwena alikaa karibu naye, kwa kuwa gari la kwenda Mkinga lilikwisha kuondoka na wote walikubaliana, bila kuulizana, kwamba atalala hapa. Blessing alikaa mkekani akimwegemea bibi yake, naye bibi yake alikuwa hajamwachia mkono. Dorkasi alimgusa kila mmoja begani akipitisha maji, mama yake, mgeni wake, mwanawe, akitazama kila uso na kungoja mpaka uso ule umtazame, ndipo akakaa.

"Tupo wote," alisema Bibiana, akafanya ishara ya msalaba.

Bi Zuwena alikuwa amekwisha kufinyanga tonge, hajalitia kinywani.

"Ninyi mpo wote," alisema.

Dorkasi alimsogezea dagaa. Akanyoosha mkono kwenye sinia, akala pamoja nao.